Watu Wema Wawili na Meza ya Baba

Maisha yangu yametawaliwa na wanaume wawili wema ambao sikuwahi kukutana nao. Wa kwanza ni yule mzee wa Maandiko aliyeketi mlangoni pa hema lake wakati wa jua kali, akaona wageni watatu, akainuka mbio kwenda kuwakaribisha. Wa pili ni mwindaji wa hadithi za Waluba, aliyetoka mashariki na upinde wake, na ambaye hakula kamwe mbele ya watu. Mmoja alikula nje, mwingine alikula ndani. Kama wangeniuliza mimi, ningewaomba waonane wenyewe wamalize jambo lao, badala ya kulileta nyumbani kwetu Kamina, mji wa reli.

Mzee wa hema alikuwa wa baba yangu. Baba alikuwa masinisti, dereva wa treni, na ukimwuliza kabila lake alijibu kwamba kabila lake ni reli, kwa sababu babu yake alitoka kusini, bibi yake alitoka kaskazini, na yeye mwenyewe alizaliwa kati ya vituo viwili, treni ikiwa imeharibika. Jumapili moja, kabla sijazaliwa, alimsikia padri akihubiri habari za mzee wa hema. Alirudi nyumbani, akaibeba meza ya chakula, akaitoa nje na kuiweka barazani, hatua nne kutoka njiani. Meza ile haikurudi ndani tena. Mvua ikinyesha kwa upepo tulikula tumezikumbatia sahani.

Pale alikula na kila aliyepita, na katika kambi ya reli kila mtu hupita. Neno lake la "karibu" halikuwa lile la adabu ambalo mtu hulijibu kwamba ameshiba akaendelea na safari yake. Baba alimshika mtu mkono. Muuza samaki mmoja kutoka Kinkondja alisimamisha baiskeli yake aulize njia ya soko, akakaa kwetu. Mama yangu alikuwa mtu wa methali: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu akampa jembe. Mgeni alilipokea, akalima matuta mawili ya mihogo, akanawa mikono, akarudi mezani.

Na baba alicheka. Alirudisha kichwa nyuma, akafungua mdomo wote, bukari, yaani ugali, ikiwa bado humo, na kicheko chake kilifika stesheni. Watu ambao hawakuwa na mpango wa kupita kwetu walipita. Mama akikisikia tu alichukua kikombe cha maji na kuyamimina kwenye sombe ili iwatoshe wote. Nimekula sombe nyepesi utoto wangu wote, na hadi nilipoolewa nilidhani majani ya mihogo ni aina ya supu.

Kwa baba, aliyefunga mlango ili ale alikuwa mchoyo, na mchoyo ni mbaya kuliko mwizi, maana mwizi angalau huja kwa watu.

"Muntu anafunga mulango juu ya kula," alisema, "eko anaogopa bantu, ao eko anakula bantu."

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi nilipokutana na mwalimu mwenzangu, mrefu, mpole, ambaye saa ya mapumziko alitoweka na mfuko wake. Nilidhani anavuta bangi nyuma ya madarasa. Siku moja nilimfuata. Alikuwa ameugeukia ukuta anakula mkate na karanga. Aliponiona alisimama, akauficha mkate nyuma ya mgongo, akaniomba radhi. Sikuwahi kuona mtu akiona haya namna ile kwa ajili ya karanga, nikampenda.

Kwao ni kijijini, upande wa barabara ya Kaniama, watu wa mahindi na mihogo tangu kabla barabara haijawa barabara. Siku aliyonipeleka kwa wazazi wake, nilipokelewa kwa heshima zote, kisha nikaingizwa chumba cha ndani na sahani ya bukari na kuku, na mlango ukafungwa. Nilikaa mle nikajiuliza nimekosa nini. Kupitia ukutani nilisikia na wao wanakula, kila mmoja mahali pake, kimya, kama watu wanaoungama. Nilimaliza chakula nikabaki nimekaa hadi mtu alipokumbuka kunifungulia.

Baadaye, tukiwa tunapukuchua mahindi, mama mkwe alinieleza. Ndipo nilipomjua mwindaji. Jina lake analo, lakini katika nyumba ile halitajwi ovyo. Hapo zamani, alisema, kulikuwa na mfalme mwekundu, mwenye nguvu, mlevi, asiye na adabu. Alikula uwanjani. Alikunywa uwanjani. Mwindaji alipofika kwake akaletewa chakula mbele ya watu, alikataa kula mpaka ajengewe uzio wa matete. Hakuonyesha meno alipocheka. Kutoka kwake watu walijifunza utu.

"Ule mufalme, akikula, bote banamuona," mama mkwe alisema. "Akicheka, banaona mpaka mu koo. Sasa muntu vile, utamuheshimu namna gani?"

Nilisema kweli, mama. Nikaendelea kupukuchua mahindi. Nilikuwa nafikiria mdomo wa baba yangu, na bukari iliyomo.

Tangu siku ile niliogopa kitu kimoja tu. Siogopi kusema kwamba ndoa yenyewe haikunitisha. Yule kijana alinipenda, na angenioa hata kama baba angekula juu ya paa. Niliogopa kwamba wakwe zangu wangemtazama baba, mtu mwema kuliko wote niliowajua, na wangemwona yule mfalme. Wangekuwa na adabu ya kutosha wasiseme. Wangekaa nalo moyoni, na mimi ningejua kwamba wanalo.

Ilipopangwa siku ya wakwe kuja kwetu kwa mara ya kwanza, nilifanya kosa ambalo mpaka leo sina wa kumsingizia. Nilikaa na baba nikamweleza habari za mwindaji, kutoka mwanzo hadi mwisho, ila ubaya wa yule mfalme niliupunguza. Baba alisikiliza kwa makini, akiwa amepumzisha kijiko.

"Sasa nikikula mbele yabo, nitakuwa nabatukana?"

"Hapana, papa. Ila hawajazoea."

"Njo vile," alisema, akaisukuma sahani kando kabla haijaisha, jambo ambalo si tabia yake.

Wiki iliyofuata nilikwenda kijijini na nikamweleza baba mkwe habari za mzee wa hema. Baba mkwe ni mtu wa maneno machache. Ukimweleza jambo hutazama chini kana kwamba limeanguka pale. Nilimwambia kwamba kwa baba yangu kula nje na kumkaribisha kila anayepita ndiyo ibada, na asishangae. Alisema amesikia. Hakuna hata mmoja niliyemwambia kwamba nimezungumza na mwenzake. Nilijiona mwerevu sana. Nilirudi mjini kwenye pikipiki nikiimba.

Wakwe walifika saa sita mchana na pikipiki mbili, vumbi hadi kwenye nyusi, na jogoo na gunia la unga. Baba aliwapokea akiwa amevaa koti la kazi lenye vifungo vya shaba. Alikuwa amefunga mdomo. Sisemi kwamba alikuwa kimya: alikuwa ameufunga, kama mtu mwenye jino bovu, na alipotaka kutabasamu aliweka mkono mbele. Ndani ya nyumba alikuwa ametundika mashuka matatu kwenye kamba, akagawa sebule vyumba vinne vidogo, kila kimoja na kigoda, ili kila mkubwa ale kwa siri yake. Ilionekana kama wodi ya hospitali. Alifurahi nayo mno.

"Muingie, bukwe," aliwaambia akiwa ameziba mdomo. "Byakulya iko tayari mu nyumba."

Baba mkwe alitazama chini. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyejiandaa safari nzima:

"Apana. Sisi tutakula apa inje, ku meza."

Baba alidhani ni adabu. Baba mkwe naye alidhani ni adabu. Wakabembelezana pale barazani hadi bukari ikaanza kupoa, na kwa kuwa mgeni hashindwi, wakwe walikaa mezani, hatua nne kutoka njiani. Na baba, aliyekwisha kuelezwa na binti yake msomi kwamba mkubwa mwenye heshima hujificha anapokula, alichukua sahani yake akaenda nyuma ya shuka.

Nilibaki nimesimama mlangoni na bakuli la samaki. Mama alinitazama.

Watu wawili ambao maisha yao yote hawakuwahi kuonekana wakitafuna walikaa mbele ya kambi nzima ya reli na kuanza kula. Mama mkwe alichukua tonge dogo kama la mgonjwa, akalipeleka mdomoni akiwa ametazama mbali, kama vile mkono ule ni wa mtu mwingine. Baba mkwe alitoka jasho. Na watu wakaanza kupita. Mzee mmoja wa stesheni alisalimu kutoka njiani. Baba mkwe alikumbuka mafundisho yangu, akainuka nusu, akasema, "Karibu, tukule." Mzee akakaribia. Akapita fundi wa mabehewa na mkewe. "Karibu, tukule." Wakakaa. Watu wa kambi yetu walikuwa wamezoea kualikwa pale kwa miaka thelathini. Hawakuona ajabu yoyote isipokuwa kwamba mwenye nyumba amebadilika sura. Kufika saa saba meza ilikuwa imejaa, samaki wamekwisha, mama amemwaga vikombe vinne vya maji kwenye sombe, na baba mkwe bado anaita, kwa sababu sikumwambia ni wakati gani mtu anaruhusiwa kuacha.

Niliingia ndani. Baba alikuwa nyuma ya shuka, kwenye kigoda, sahani magotini. Hakuwa amegusa kitu. Alikuwa anasikiliza kelele za karamu kwenye meza yake mwenyewe.

"Unakula, papa?"

"Nimejaribu," alisema. "Sijue kula peke yangu. Byakulya inakataa kushuka."

Nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga mtu, na mtu mwenyewe nilikuwa mimi. Nilipotoka kumwomba baba mkwe aje wakae pamoja, wakwe walikuwa wameshanawa mikono na wanaaga. Baba alitoka nyuma ya shuka kuwasindikiza; baba mkwe alimshika mkono kwa mikono miwili, akatazama chini, hakusema neno. Mama mkwe alisema asante kwa niaba ya wote wawili. Pikipiki zikawaka.

Tulioana. Lakini ule ukimya wa baba mkwe nilioana nao pia. Miaka kumi na mmoja, kila sikukuu, kila ubatizo wa watoto wangu, baba alikaa nje kwenye meza yake na kicheko chake, na baba mkwe alichukua sahani yake akaenda chumba cha ndani. Walisalimiana vizuri. Hawakuwahi kula mahali pamoja. Na kila baba alipocheka nilimwona baba mkwe akiinamisha kichwa, nikajisemea: anamwona mfalme. Niliwakasirikia wote wawili. Nilimkasirikia hata mwindaji, ambaye kwa maoni yangu angeweza kula tu kile chakula alichopewa, yakaisha.

Mwaka wa tisa wa ndoa yetu mama alifariki, na miaka miwili baadaye presha ilimwangusha baba. Upande wa kushoto ulilala. Mkono ulirudi kidogo, mguu ulirudi kidogo, mdomo haukurudi. Akila, nusu ya chakula ilitoka tena ikashuka kidevuni, na yeye hakuisikia. Aliijua kwa kututazama sisi.

Baba aliacha kula nje. Watu walipita, walisalimu, na yeye aligeuza uso upande. Nikampeleka ndani, nikafunga mlango, nikamwekea uji wa mahindi. Alifunga mdomo kwa vidole.

"Kula mu nyumba, peke yangu, kama mulozi?" alisema, kwa maneno yaliyovunjika. "Apana."

Nje aliona haya, ndani hakuweza. Alikula vijiko viwili asubuhi, akiwa amenipa mgongo, basi. Shati lilianza kumning'inia. Muuguzi wa hospitali aliniambia wazi kwamba mzee asipokula hatafika mavuno. Mimi nilipika, nilibembeleza, nilipiga kelele. Siku moja nilimlisha kwa nguvu kama mtoto, na alinitazama kwa namna ambayo sikurudia.

Wakwe walikuja kumwona na pikipiki, na samaki wakavu. Baba mkwe amezeeka sasa, magoti yanalia. Alikaa na baba barazani asubuhi nzima bila kusema lolote la maana. Nilipoleta chakula aliona jinsi baba alivyougeuza uso. Aliinuka akanifuata jikoni, jambo ambalo mwanamume wa kwao halifanyi.

"Hakule?"

"Hapana, tata," nilimjibu, nikimwita baba kwa lugha ya kwao. "Anaona haya. Meza ile ilikuwa kila kitu chake."

Alitazama chini kwa muda. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na sikuwa na cha kulinda tena, nilimwambia. Nilimwambia kwamba najua tangu siku ya kwanza walimwona baba kama yule mfalme mbaya, na kwamba hawakukosea kwa hadithi yao, lakini walikosea kwa mtu.

Baba mkwe aliinua macho. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuyaona vizuri.

"Mufalme?" alisema. "Mutoto, ile siku ya kwanza nilikaa ku meza ya muntu, nikaita bantu, tukamaliza byakulya yake yote. Na yeye mwenyewe akabakia na njaa nyuma ya shuka. Mugeni gani anafanyaka vile? Ile haya iko mu tumbo yangu mpaka leo. Njo maana siwezi kukaa naye."

Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimeibeba haya ambayo haikuwepo, na yeye alikuwa anaibeba iliyokuwepo, na wote tuliipata kwangu.

"Na ule mufalme," aliongeza akiwa tayari anatoka, "alikula mbele ya bantu. Baba yako anakula na bantu. Ile haiko kintu moja."

Aliniomba vitenge viwili na kamba. Nilimpa vya marehemu mama, ndivyo vilivyokuwa karibu. Alifunga kamba kutoka nguzo moja ya baraza hadi nyingine, kati ya meza na njia, akatundika vitenge. Akamshika baba mkono mzima, akamwongoza taratibu hadi kwenye kiti chake cha zamani. Baba alitazama kitambaa, akatazama meza. Ilikuwa nje, na ilikuwa imefichwa. Kisha baba mkwe akafanya jambo lililonifanya niweke chini sufuria niliyoishika. Alivuta kiti cha pili, akakaa ubavuni mwa baba, akaomba sahani yake.

Mama mkwe, aliyekuwa karibu nami kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, aliona. Wameoana zaidi ya miaka arobaini na yeye mwenyewe humwachia mumewe chakula akaondoka.

Nilipeleka sahani mbili nikarudi. Kutoka jikoni tuliona miguu minne tu chini ya vitenge, mmoja umelala upande. Tulisikia vijiko. Kuna mtu alipita njiani, akasita, akakisalimu kitambaa. Kutoka nyuma yake sauti ya baba mkwe ilijibu, "Karibu, tukule," na ile ya baba, iliyovunjika, ikafuata, "Karibu."

Kisha baba akasema kitu ambacho sikukisikia, na akacheka. Kilikuwa kicheko cha nusu mdomo, chenye mate, na hakikufika stesheni. Lakini juu yake kikaja kingine, kikavu, kirefu, kilichokwama mara mbili kabla ya kutoka, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi.

Mama mkwe aligeuka.

"Uyu anacheka ni nani?"

"Ni tata," nikamwambia.

Alisikiliza hadi kikaisha. Njiani watu wawili walikuwa wamesimama, na wa tatu alikuwa anavuka kuja. Mama mkwe aliwatazama, akachukua kikombe, akachota maji kwenye ndoo, akayamimina kwenye sombe.